Kilo 4,530: Siku za Mwanzo za Kujifunza Kuandika Programu

Mhadhara wa wazi, Bariadi, mkoani Simiyu



Niliombwa nizungumzie vijana na teknolojia, nikawaomba waandaaji wanipunguzie mzigo. Mada hiyo imekwisha kuzungumzwa kwenye makongamano mengi, na mara nyingi watu hutawanyika wakiwa wamekunywa soda na hawajui lolote ambalo hawakulijua walipokuwa wanaingia. Leo nina jambo dogo zaidi. Kijana wa hapa hapa, wa Somanda au wa Malambo, kamaliza kidato cha nne, ana simu janja ya bei ya chini, na leo jioni anaamua kuanza kujifunza kuandika programu za kompyuta. Kesho atakuwa anajua nini? Keshokutwa je? Mwezi ukiisha? Na mama yake, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, atajuaje kama mwanawe anasonga mbele au anamaliza bando tu?

Jibu nalitoa mapema, ili anayewahi gari la Lamadi aondoke nalo. Siku ya anayejifunza programu usiipime kwa saa alizokaa wala kwa video alizotazama. Ipime kwa kazi moja ambayo jana ilimshinda na leo ameiweza, kazi ambayo mtu mwingine anaweza kuikagua kwa macho yake. Nasema pia kwamba hapa Simiyu kazi za namna hiyo zimejaa, kwa sababu bado tuna mahesabu mengi yanayofanywa kwa kalamu na yanayogusa mfuko wa mtu moja kwa moja. Pamba ndiyo ya kwanza, na nitakaa nayo sana.

Kwanza kumbukumbu fupi, maana wapo vijana wanaodhani kompyuta ilikuja nchini pamoja na simu ya mkononi. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali hiyo hiyo ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Fedha za kigeni zilikuwa zinatoka na mahesabu yenyewe yalikuwa yamevurugika, kwa hiyo uamuzi ule haukukosa sababu, ingawa gharama yake tuliilipa kwa muda mrefu: marufuku ilipokuja kulegezwa, kuna watu wa rika langu waliokuwa wamekua bila kuiona mashine hiyo hata kwa mbali. Mkoa wetu nao ni mchanga. Ulianzishwa 2012 pamoja na Geita, Njombe na Katavi; tukamegwa kutoka Shinyanga, Busega ikitokea upande wa Mwanza. Sensa ya 2022 ilitukuta watu 2,140,497. Wenye kompyuta mezani katika hao unaweza kuwatafuta kutwa, ila mwenye simu janja yuko jirani yako hapo ulipokaa, na simu hiyo ina nguvu kuliko mashine ile ya Wizara ya Fedha kiasi kwamba kuzilinganisha ni kuionea ile ya zamani.

Kwa hiyo sitaki kusikia kwamba mtu hawezi kuanza mpaka apate kompyuta mpakato. Atahitaji moja baadaye, nakubali. Kuanza, simu inatosha. Kuna programu ya simu inayoitwa Pydroid 3, ukishaipakua unaandika na kuendesha lugha ya Python bila intaneti, bila bando, hata ukiwa Meatu ndani kabisa ambako mtandao unakuja na kuondoka. Python yenyewe aliianza Mholanzi Guido van Rossum katika wiki ya Krismasi ya mwaka 1989, ofisi zikiwa zimefungwa, akitafuta cha kumshughulisha nyumbani. Akaitoa hadharani 1991. Leo inatumika kwenye benki, hospitali na vyuo vikuu dunia nzima. Naipendekeza kwa anayeanza kwa sababu sentensi zake ni fupi na makosa yake yanaelezwa vizuri, na hilo la makosa ndilo litakalotuchukulia muda.

Siku ya kwanza, basi. Kijana anaandika mstari mmoja wa kuiambia mashine itoe salamu ya Kisukuma: print, mabano, alama za kunukuu, Mwangaluka. Anabonyeza. Mashine inamjibu kwa ujumbe wa kosa. Kisa nini? Kibodi ya simu, kwa kujifanya inajua Kiingereza kuliko mwenye simu, imegeuza herufi ya kwanza kuwa kubwa. Imeandikwa Print, na Python inaijua print tu. Akirekebisha hiyo, pengine atakuta kibodi imempa zile alama za kunukuu zilizopinda za kwenye magazeti, na Python inataka zilizonyooka. Mama akichungulia anaona mtoto amekaa saa nzima na neno moja. Mama, usimfukuze akachote maji bado. Saa hiyo amejifunza jambo ambalo atalitumia kila siku ya maisha yake katika kazi hii: kuusoma ujumbe wa kosa kuanzia mstari wa mwisho. Mstari wa mwisho ndio unaotaja kosa ni la aina gani, na juu yake kuna namba ya mstari lilipotokea. Kuanzia toleo la 3.10, Python hata inakuuliza kama ulikuwa unamaanisha print. Wengi hawafiki kulisoma swali hilo kwa sababu wakiona kosa wanafunga simu.

Siku ya pili tunaingia kwenye pamba. Mnajua kituo cha kununulia kinavyokuwa msimu ukichanganya: mzigo unapanda kwenye mizani, karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, anasoma, anaandika, mkulima ananyoosha shingo aone kama kilichoandikwa ndicho kilichosomwa. Mkulima kaleta mizigo miwili, mmoja kilo 45, mwingine kilo 30. Kijana anaandika programu yake: uliza mzigo wa kwanza, uliza wa pili, jumlisha, onyesha. Anaiendesha kwa fahari, anaingiza 45, anaingiza 30, mashine inamjibu: 4530.

Kilo elfu nne mia tano na thelathini. Shamba la nani hilo?

Anaogopa kidogo, halafu anaamua kuendelea hivyo hivyo, azidishe kwa bei aone shilingi ngapi. Tuseme kwa mfano wetu bei ya kilo ni shilingi 1,200. Anabonyeza, na kioo kizima kinajaa 4530453045304530, mpaka chini, na ukisogeza bado zipo. Nimeona watu wazima wakicheka mpaka machozi mbele ya kioo hicho. Sababu ni kwamba amri ya input, ile ya kumuuliza mtu, humletea mwandishi kila kitu kama maandishi, hata kama mtu kaandika tarakimu. Na kujumlisha maandishi mawili, kwa Python, ni kuyaunganisha. Kuzidisha maandishi kwa 1,200 ni kuyarudia mara 1,200. Mashine haijakosea hata kidogo, imefanya ilichoambiwa. Ukizungushia int kwenye kile kilichoingizwa, yaani ukiiambia igeuze maandishi kuwa namba kamili, unapata 75, na 75 mara 1,200 ni shilingi 90,000.

Hapo ndipo ninaposema siku imehesabika. Mwanafunzi huyu angeweza kusoma sentensi ya kitabu inayosema kuna aina mbalimbali za data, akaikariri, akaandika kwenye mtihani, asielewe. Aliyeona kilo 4,530 hasahau tena.

Siku ya tatu mizani inasoma 45.5, na programu inaanguka, kwa sababu int haipokei nukta. Anabadilisha kuwa float. Siku ya nne rafiki yake anaijaribu, anaandika 45,5 kwa mkato badala ya nukta, inaanguka tena. Mwingine anaandika 45kg. Mwingine anabonyeza bila kuandika kitu. Anayeanza hukasirika siku hiyo. Anaona watu wanamharibia kazi makusudi. Mimi humwambia awalipe soda. Karani halisi, jua la saa nane, foleni ya watu arobaini, ataandika vibaya kuliko hao, na programu isiyoweza kumwambia kwa upole "andika namba tu, mfano 45.5" haifai kupelekwa kituoni.

Kisha linakuja swali ambalo kijana wa Dar es Salaam pengine lisingemjia: na fifi je? Pamba safi ina bei yake na pamba fifi, ile ya ubora wa chini, ina yake. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa ameshamaliza programu, anaionyesha nyumbani, bibi yake akauliza hilo moja tu, na programu ikabidi ifumuliwe. Ilibidi ajifunze amri za kuchagua: ikiwa ni safi tumia bei hii, vinginevyo tumia ile. Alijifunza jioni ile ile, kwa sababu sasa alikuwa na haja nayo. Nawaambia walimu wenzangu: bibi yule alifundisha somo la masharti vizuri kuliko sura nzima ya kitabu. Aliyezaliwa kwenye pamba anajua maswali ambayo mtaalamu wa kompyuta hayajui, na nusu ya kazi ya programu ni maswali.

Kuna jambo la senti pia. Mwambie Python ijumlishe 0.1 na 0.2, itakujibu 0.30000000000000004. Hilo si hitilafu ya simu yako. Mashine huhifadhi namba za nukta kwa mfumo wa mbili, na moja ya kumi haikai sawasawa humo, kama vile moja ya tatu isivyokaa sawasawa kwenye desimali zetu. Tofauti hiyo ni ndogo mno. Lakini mkulima akija na karatasi yake na jumla zikapishana kwa kidogo, utaitwa mwizi. Dawa yake ni kuhifadhi uzito kwa gramu, namba kamili, na fedha kwa shilingi, namba kamili pia.

Zoezi la pili ninalolipenda ni matokeo ya kidato cha nne, kwa sababu hakuna nyumba isiyoyajua. Alama 75 kwenda juu ni A, 65 hadi 74 B, 45 hadi 64 C, 30 hadi 44 D, chini ya hapo F. Mwanafunzi anaandika: ikiwa alama zimefika 30, toa D, au ikiwa zimefika 45, toa C, na kuendelea hadi A. Anamwingiza mtoto mwenye 88. Programu inampa D. Kwa nini? Kwa sababu 88 imefika 30, na mashine ikishapata sharti la kwanza lililotimia haiendelei kutafuta mengine. Ukiyapanga masharti kuanzia juu kushuka chini, mtoto anapata A yake. Halafu weka madaraja: A pointi 1, B pointi 2, mpaka F pointi 5, masomo saba bora, pointi 7 hadi 17 daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, 34 na 35 sifuri. Inafanya kazi vizuri mpaka aje mtahiniwa mwenye masomo sita, yote A. Ana pointi 6. Programu inanyamaza kimya, haina la kumwambia. Mwanafunzi wa programu hana haki ya kubuni jibu hapo; aende kwa mwalimu wa taaluma akaulize utaratibu. Safari hiyo ya kwenda kuuliza nayo ni siku ya kujifunza, ingawa hakuandika mstari hata mmoja.

Sasa niseme juu ya ukuta. Uko karibu na wiki ya tatu, na wengi wanaishia hapo. Mpaka wakati huo kijana amekuwa akifuata mtu anayemwongoza, kwa kitabu au kwa video. Kila zoezi lina jibu lake. Siku moja anafungua ukurasa mtupu aandike kitu chake mwenyewe, na hakuna kinachokuja. Anahisi hajajifunza chochote. Anarudi kwenye video, anatazama tena zile zile, anajisikia anaelewa, anafungua ukurasa mtupu, kimya tena. Akizunguka hivyo wiki mbili ameacha.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha utafiti alioufanya juu ya kichwa chake mwenyewe: alikariri silabi zisizo na maana, akapima anasahau kwa kasi gani. Alikuta sehemu kubwa inapotea mapema sana, ndani ya siku ya kwanza, halafu kasi inapungua. Na kurudia baada ya mapumziko kunashika kuliko kurudia kwa mfululizo. Ninayoyaona kwa wanafunzi yanakwenda hivyo hivyo. Anayekaa saa tano Jumamosi kisha asiguse mpaka Jumamosi nyingine huanza upya kila wiki. Anayekaa nusu saa kila jioni hupanda. Na hiyo nusu saa naigawa hivi: dakika kumi za kwanza, futa programu ya jana uiandike upya bila kuchungulia. Ukikwama, pale ulipokwama ndipo somo la leo lilipo. Ukuta wa wiki ya tatu ni mfupi kwa mtu aliyekuwa akifuta na kuandika upya tangu wiki ya kwanza, kwa sababu ukurasa mtupu ameshauzoea.

Wapo watakaoniuliza habari za zile siku mia. Mwaka 2016 Alexander Kallaway alianzisha zoezi lililoenea duniani: ahidi hadharani kwamba utaandika programu angalau saa moja kila siku kwa siku 100, na kila siku utangaze ulichofanya. Limewasaidia wengi, na siri yake ni ile ahadi ya hadharani. Mtu anaogopa aibu. Lakini lilitungwa kwa mtu ambaye umeme wake haukatiki na ambaye Novemba haimwiti shambani. Hapa, mvua zikianza, Novemba na Desemba watu wanapanda pamba. Kijana anatoka alfajiri na kurudi hoi. Ukimwambia saa moja kila siku bila kukosa, ataruka siku mbili, atajiona ameshindwa, ataacha kabisa. Mimi sihesabu siku zinazofuatana. Nahesabu kurasa za daftari.

Namaanisha daftari la karatasi, la kaunta buku, la kununua steshenari yoyote hapo sokoni. Kila ukifanya kazi andika nilitaka nini, mashine ilisema nini, nilibadilisha nini. Siku ya palizi nzito unaweza kuandika mstari mmoja tu wa swali la kwenda kujaribu kesho. Umeme ukikatika na simu ikizima, daftari linasomeka kwa taa ya sola. Na mzazi asiyejua Python anaweza kulifungua akaona kama makosa ya wiki hii ni yale yale ya wiki iliyopita. Yakiwa yale yale, mtoto amekwama. Yakiwa mapya, anakwenda.

Kwa mabinti niseme wazi, kwa sababu wazazi mko hapa. Mvulana akirudi jioni anakaa na simu. Binti anarudi jioni anakuta maji, kuni, ugali na wadogo zake, na simu yenyewe mara nyingi ni ya kaka. Nusu saa yake haipatikani kwa bahati. Lazima mtu mzima ndani ya nyumba aitenge na ailinde. Dar es Salaam, Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls mwaka 2013 ili mabinti wafundishwe kuandika programu, na waliopewa nafasi hawakuhitaji kitu kingine cha ajabu. Sina zaidi ya hapo.

Turudi kwenye programu yetu, sasa ni wiki ya nne. Programu ya pamba inajumlisha vizuri, inajua safi na fifi, inakataa 45kg kwa adabu. Tatizo: ukiifunga, inasahau kila kitu. Kijana anajifunza kuandika kwenye faili. Anafungua faili, anaandika mizigo ya leo, anafunga, anaangalia, ipo. Anafurahi. Kesho yake anaandika mizigo mipya, anafungua faili, mizigo ya jana haipo. Amefungua faili kwa herufi w, ambayo kwa Python maana yake ni anza upya, futa kilichokuwemo. Alitakiwa kutumia a, ongeza mwishoni. Herufi moja. Katika chumba cha mazoezi ni kicheko. Katika ofisi ya chama cha ushirika, kumbukumbu za wakulima zikipotea usiku mmoja, hiyo ni kesi ya polisi. Kwa sababu hiyo namtaka mwanafunzi akutane na kosa hili mapema, akiwa na mizigo ya kubuni na majina ya kubuni. Majina ya kweli ya wakulima na namba zao za simu asiyaguse bila ruhusa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo haijali kama wewe ni mwanafunzi.

Lugha? Naulizwa kila mara. Ujumbe wa makosa unakuja kwa Kiingereza, na wapo wanaoshindwa hapo kabla hata ya hesabu. Juhudi za Kiswahili zipo: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, mwaka 2004 kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Siku hizi kuna Nuru, lugha ya programu ambayo amri zake ni za Kiswahili: andika, kama, sivyo, wakati, rudisha. Naitumia kueleza mantiki kwa mtoto wa shule ya msingi na anaelewa haraka. Kwa anayetafuta kazi bado nampeleka Python, kwa sababu huko ndiko kuna vitabu, maktaba za programu na watu wa kuuliza. Maneno ya makosa ya Python ya kila siku ni machache. Yaandikwe kwenye jalada la daftari, na maana yake kwa Kiswahili pembeni, wiki moja yanazoeleka.

Na ChatGPT, iliyotoka Novemba 2022? Sikatazi. Kijana atanidanganya tu kwamba haitumii. Nasema hivi: iulize kosa hili lina maana gani, usiiambie ikuandikie programu. Na ikikuandikia, futa, kisha andika mwenyewe bila kuangalia. Usipoweza, siku hiyo ChatGPT ndiyo iliyofanya kazi, wewe hujajifunza.

Sasa fedha, maana najua ndilo lililowaleta baadhi yenu. Kuna watu wanauza kozi wakiahidi mamilioni ndani ya miezi mitatu. Peter Norvig, mtaalamu mashuhuri wa Marekani, aliandika mwaka 2001 makala ya kuwadhihaki waliokuwa wakiuza vitabu vya kujifunza programu kwa siku chache. Yeye akasema miaka kumi. Mimi sitawatisha kwa kumi, ila miezi mitatu haimfanyi mtu mtaalamu. Inamfanya mtu anayeweza kutengeneza kitu kidogo kinachofanya kazi. Mfumo wa malipo ya serikali wa GePG, unaokupa ile namba ya kulipia kila unapokwenda halmashauri, ulianza 2017 na umetengenezwa na wataalamu wa Kitanzania. Nao pengine walianza na salamu ya mstari mmoja kwenye kioo. Kati ya salamu hiyo na GePG kuna chuo, kuna Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna usiku mwingi. Ila mwenye duka la dawa hapa Bariadi anayetaka kujua dawa ipi inakaribia kuisha muda wake hahitaji GePG. Anahitaji kijana mwaminifu, mwenye programu ndogo ambayo haifuti kumbukumbu usiku, na atakayekuja siku ikiharibika. Huyo kijana atalipwa kidogo, na atajifunza zaidi ya alicholipwa.

Msimu wa ununuzi wa pamba kwa kawaida hufunguliwa Mei. Anayeanza Februari, palizi ikiwa imepungua, ana muda wa kutosha kufika kituoni na programu yake ya mizigo. Akifika, asiiweke mezani kwa karani. Akae pembeni kwa ruhusa ya chama, aingize uzito tu bila majina, karani aendelee na kitabu chake kama kawaida, na jioni walinganishe jumla mbili. Zikipishana, kitabu cha karani ndicho kinacholipa wakulima siku hiyo, na kijana arudi nyumbani akatafute mzigo upi uliopishana. Watakaotaka kufanya hivyo mwaka huu wabaki baada ya maswali tukaandikishane, na kila mmoja aangalie kwanza kama simu yake imebakiwa na nafasi ya kupakulia.

Karibuni maswali.